Kichwa cha Luzira na Vichwa vya Silikoni



Juma lililopita umeme ulikatika shuleni katikati ya mdahalo. Projekta ilizimika, kompyuta za maktaba zikanyamaza, na kwa dakika chache darasa likajaa minong'ono. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa amesimama mbele akisubiri zamu yake ya kusema, akatamka kwa utani: "Mwalimu, kompyuta zimezimika, lakini vichwa vyetu havijazimika. Tuendelee." Tulicheka, tukafungua madirisha, tukaendelea hadi kengele ya chakula cha mchana.

Jioni niliufikiria tena utani ule, nikaona kwamba msichana yule alikuwa amegusa jambo ambalo makampuni makubwa ya dunia yanalihangaikia usiku na mchana. Ubongo wa binadamu una seli za neva, yaani niuroni, zipatazo bilioni 86. Kazi zake zote, za kuona, kusikia, kukumbuka, kubuni hoja na kuitetea, huzifanya kwa nguvu ya wati 20 hivi. Hiyo ni nguvu ndogo kuliko ile ya balbu za zamani zilizokuwa zikiwaka sebuleni mwa wazazi wetu. Chipu moja ya H100 ya kampuni ya Nvidia, mojawapo ya zile zinazoendesha akili mnemba, inaweza kutumia hadi wati 700. Na katika jengo moja huwekwa maelfu ya chipu za namna hiyo.

Ndiyo maana wapo wahandisi wanaouliza: je, haiwezekani kuunda chipu inayofanya kazi kwa namna ya ubongo? Mashindano ya kulijibu swali hilo yamepamba moto, na leo nataka tuyajadili kama raia, si kama mafundi. Maoni yangu ni kwamba mashindano haya yanatuhusu sisi wa Luzira kama yanavyowahusu watu wa California na wa Hangzhou. Tutapata hasara tukiyatazama kama tunavyotazama mpira wa timu za ng'ambo: tunashangilia, tunabishana, kisha tunazima televisheni na kwenda kulala.

Jiko na ghala

Kwanza tuelewane kuhusu kinachoshindaniwa. Kompyuta ya kawaida ina sehemu mbili zilizotengana: sehemu inayokokotoa, na sehemu inayohifadhi data, ambayo huitwa kumbukumbu. Mfikirie mpishi ambaye jiko lake liko hapa Luzira na ghala lake liko Nakawa. Akihitaji chumvi hupanda bodaboda hadi Nakawa na kurudi. Akihitaji kitunguu hupanda tena. Mwisho wa siku atagundua kwamba fedha zake nyingi zimeishia kwenye nauli, si kwenye chakula. Kompyuta nayo hupoteza umeme mwingi katika kusafirisha data huku na huko kati ya jiko lake na ghala lake.

Ubongo haufanyi hivyo. Ndani yake, kumbukumbu imo katika miunganiko ya niuroni zilezile zinazokokotoa. Jiko na ghala ni chumba kimoja. Tena, niuroni haipigi kelele bila sababu. Hukaa kimya, na hutoa mpigo mfupi wa umeme pale tu inapopokea ishara za kutosha kutoka kwa jirani zake. Inafanana na mlinzi wa usiku mwenye busara: hamwamshi mwenye nyumba kila dakika kumwarifu kwamba hakuna mwizi, bali humwamsha mwizi anapoonekana.

Mwanasayansi Carver Mead, wa Taasisi ya Teknolojia ya California, ndiye aliyeipa taaluma hii msukumo wake wa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980, alipopendekeza kwamba saketi za silikoni ziige mfumo wa neva. Kwa muda mrefu wazo lake lilibaki katika maabara za vyuo vikuu. Sasa limeingia uwanjani.

Mbio za vichwa

Mwaka 2014 kampuni ya IBM ilionyesha TrueNorth, chipu yenye niuroni bandia milioni moja, iliyoweza kufanya kazi kwa miliwati 70 hivi. Intel ilijibu kwa chipu ya Loihi mwaka 2017, kisha Loihi 2 mwaka 2021. Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Manchester, chini ya uongozi wa Profesa Steve Furber, kiliwasha mwaka 2018 mashine ya SpiNNaker ikiwa na viini vya kukokotoa milioni moja. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, waliitambulisha chipu ya Tianjic kwa kuifanya iendeshe baiskeli isiyo na mpandaji. IBM ilirudi na NorthPole mwaka 2023.

Tangu hapo hatua zimekuwa ndefu zaidi. Mwezi Aprili 2024 Intel ilitangaza Hala Point, mfumo uliounganisha chipu 1,152 za Loihi 2 na kupata niuroni bandia bilioni 1.15 ndani ya sanduku lenye ukubwa wa jiko la maikrowevu. Mwezi Agosti 2025 Chuo Kikuu cha Zhejiang, kilichoko Hangzhou, kilitangaza mfumo wake uitwao Darwin Monkey, wenye niuroni bandia zaidi ya bilioni 2. Pembeni mwa wakubwa hao wamo wadogo, kama vile BrainChip ya Australia na Innatera ya Uholanzi, wanaounda chipu ndogo za kutiwa ndani ya saa, kamera na vifaa vingine vinavyotumia betri.

Hapa nawaonya, wanafunzi wangu, msidanganyike na idadi. Niuroni bandia ni mfano wa kihesabu tu wa niuroni halisi, na wingi wake si kipimo cha akili. Mwaka 2024 watafiti walichapisha ramani kamili ya ubongo wa inzi wa matunda, yule mdudu mdogo anayezungukazunguka juu ya bogoya zilizoiva sokoni. Ubongo wake una niuroni zipatazo 140,000 tu. Hata hivyo, inzi huyo huruka, hunusa, huchagua, na hulikwepa kofi lako kabla halijafika. Hakuna mfumo miongoni mwa niliyoitaja unaoweza kuyafanya hayo yote peke yake kwa nguvu ndogo kama ile.

Wala msidhani kwamba chipu hizi zimekwisha kuteka soko. Hadi sasa biashara kubwa ya akili mnemba ingali mikononi mwa Nvidia na chipu zake za kawaida. Kwa nini basi nawachosha kwa habari za mashindano ambayo mshindi wake hajulikani?

Nawapeni sababu kwa hesabu. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data duniani vilitumia umeme wa saa-terawati 415, ambao ni takribani asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kwamba kiasi hicho huenda kikazidi mara mbili kufikia mwaka 2030. Sasa lichukueni bwawa letu la Karuma, lililozinduliwa rasmi mwaka 2024, lenye uwezo wa megawati 600. Lau lingefanya kazi kwa nguvu zake zote mwaka mzima, bila kupumzika hata saa moja, lingetoa saa-terawati 5.3 hivi. Gawanyeni wenyewe: vituo vya data vya mwaka 2024 vingehitaji karibu Karuma themanini.

Akili mnemba inayokula umeme kiasi hicho haiwezi kuishi kwetu. Itaishi kwa wenye umeme mwingi, nasi tutabaki kuikodi. Lakini ikiwa mashindano haya yataleta mashine zenye uwekevu, zinazoweza kufikiri kwa betri ndogo au paneli ya sola, basi mlango utakuwa umefunguka upande wetu. Uwekevu ndio unaoshindaniwa, na watu wenye haja kubwa zaidi ya uwekevu ni sisi.

Haja hiyo si ya kubuni. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, mradi wa AirQo umeunda vihisi vya bei nafuu vinavyopima uchafu wa hewa ya Kampala, baadhi yake vikifungwa kwenye bodaboda. Watafiti wa chuo hichohicho wameifundisha simu ya kawaida, ikiwekwa juu ya hadubini, kutambua vimelea vya malaria. Wakulima wa mihogo wa Afrika Mashariki wanayo programu iitwayo Nuru, iliyoundwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Mkulima huelekeza simu yake kwenye jani, na programu humwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, hata pasipokuwa na mtandao. Sisemi kwamba kazi hizi zinatumia chipu za namna ya ubongo. Nasema kwamba kazi za namna hii, shambani, zahanati na barabarani, ndizo zinazozingojea.

Kichwa kilichokwenda London

Baada ya kueleza tumaini langu, sasa nieleze hofu yangu. Nitaianza kwa kisa cha hapahapa kwetu.

Mwaka 1929, katika eneo la gereza lililoko juu ya kilima cha Luzira, walichimbua vipande vya vinyago vya udongo wa kufinyanga. Vilipounganishwa, vilitoa kichwa cha binadamu chenye macho mazito na nywele zilizosokotwa kwa namna ya ajabu. Wataalamu walikiita Kichwa cha Luzira. Ni miongoni mwa vinyago vichache vya kale vya aina yake vilivyopata kuonekana katika eneo lote la maziwa makuu. Aliyekifinyanga hatumjui kwa jina, ila tunajua kwamba aliishi katika nchi hii na kwamba mikono yake ilikuwa na ufundi. Kichwa chenyewe kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Mwanafunzi wa Luzira anayetaka kukitazama kwa macho yake kile kichwa kilichofukuliwa umbali mfupi kutoka darasani mwake atahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege. Huo ndio mfano ninaotaka mkae nao. Udongo ulikuwa wa hapa. Ufundi ulikuwa wa hapa. Kichwa kiko kwingine, na maelezo yake yameandikwa kwa lugha ya kwingine.

Je, vichwa hivi vipya vya silikoni navyo havielekei huko? Chukueni madini. Tantalamu, itokanayo na koltani, hutumika katika vifaa vya elektroniki vya kila namna, na nchi inayoongoza duniani kwa kuichimba ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Machimbo ya Rubaya, katika wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, ni miongoni mwa makubwa kuliko yote. Mwaka 2024 machimbo hayo yaliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi biashara ya koltani inavyotozwa ushuru ili kulisha vita. Katika darasa langu yumo kijana ambaye familia yake ilihama kutoka sehemu hizo. Kiswahili chake ni cha nyumbani, nacho huwashinda wenzake wote kwa ufasaha. Siku moja nilipoeleza maana ya neno "madini", aliinua mkono akasema kwamba kwao watu huyabeba mgongoni kwa magunia, wakishuka mlima siku nzima, na kwamba hakuwahi kumsikia mtu yeyote kijijini akieleza yanakwenda kufanya nini. Darasa zima lilinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu lililofaa kumpa.

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Marekani na China zinashindana kuhusu chipu, na kila upande unatafuta madini. Nyasi zinazokanyagwa ziko Masisi.

Jambo la pili ni sauti na sura zetu. Chipu inayotumia umeme kidogo sana inaweza kusikiliza na kutazama mchana kutwa na usiku kucha bila kuchoka. Faida yake ni kubwa: kifaa kinaweza kufikiri chenyewe, papo hapo, bila kutuma data za mgonjwa au za mkulima ng'ambo. Lakini kisu kilekile kinachokata muhogo kinaweza kukata mkono. Kamera za usalama zilianza kusambazwa katika barabara za Kampala mwaka 2018. Siku kila kamera itakapokuwa na kichwa chake chenyewe, cha bei rahisi na kisicholala, ni nani atakayeamua itazame nini na ikumbuke nini? Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, na tangu mwaka 2019 tunayo sheria ya kulinda data binafsi. Sheria hizo ni zenu. Raia asiyezijua ni kama mwenye nyumba aliyeusahau ufunguo wake kwa jirani.

Pingamizi la mwalimu mwenzangu

Nilipomsomea mwalimu mwenzangu rasimu ya makala haya ofisini, aliweka kikombe chake cha chai mezani akaniuliza: "Ndugu yangu, darasa langu lina wanafunzi tisini na vitabu kumi na viwili. Wewe unataka niwaambie habari za chipu?"

Pingamizi lake ni la haki, nami sitalipuuza. Ningekuwa nadai kwamba serikali ijenge kiwanda cha chipu hapa Luzira, kando ya viwanda vingine, angekuwa na haki ya kunicheka. Kiwanda kimoja cha kisasa cha chipu hugharimu zaidi ya dola bilioni 10, na hata nchi tajiri husitasita kabla ya kukijenga. Wala mali ghafi pekee haitoshi. Silikoni hutokana na silika, na mchanga mweupe wa silika upo hata ufuoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Masaka. Lakini mchanga hauwi chipu kwa kuwa mwingi. Kinachougeuza ni maarifa.

Na maarifa, tofauti na kiwanda, tunaweza kuanza kuyajenga kwa fedha tulizo nazo. Kwabena Boahen alizaliwa Accra, Ghana, na leo ni profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye na wanafunzi wake waliunda Neurogrid, mfumo wa chipu 16 unaoiga niuroni milioni moja, na jina lake haliwezi kuachwa katika historia ya taaluma hii. Hapa Uganda, kuanzia mwaka 2011, shirika la TReND in Africa lilifanya mafunzo ya sayansi ya ubongo katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kampasi ya Ishaka, Bushenyi, likimtumia inzi wa matunda niliyemtaja. Walimchagua inzi kwa sababu ufugaji wake ni wa gharama ndogo: chupa, chakula cha wadudu na hadubini. Nchini Kenya, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inafanya kazi ya semikondakta ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Na mfumo wa programu uitwao Lava, uliotolewa na Intel mwaka 2021 kwa ajili ya kubuni kazi za chipu za namna ya ubongo, uko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu ni hili. Vitabu kumi na viwili kwa wanafunzi tisini ni aibu, nami nitasimama naye kudai vitabu zaidi. Lakini tusikubali kuchagua kati ya kitabu na mustakabali, kana kwamba mtoto anayekosa kitabu hana haki ya kujua dunia inakwenda wapi. Huyo ndiye anayehitaji zaidi kujua, kwa kuwa maamuzi yatafanywa awe anajua au hajui.

Raia na lugha yake

Mtauliza, Kiswahili kinaingia wapi? Kinaingia mlangoni kabisa.

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake, pamoja na kufundishwa kwa lazima shuleni. Wengi wenu mnajifunza lugha hii mkidhani ni ya salamu, ya sokoni na ya kuvukia mpaka. Mimi nawaambia ni lugha ya kufikiria mambo makubwa pamoja na jirani zetu. Kijana wa Masisi, mhandisi wa Nyeri, mkulima wa mihogo wa Mwanza na mwanafunzi wa Luzira hawana lugha nyingine ya Kiafrika wanayoweza kukaa nayo mezani wote wanne.

Lakini lugha isiyo na maneno ya jambo fulani huwaacha wasemaji wake nje ya jambo hilo. Tazameni: dhana moja tu tunaiita akili bandia, akili unde, akili mnemba. Wengine hulalamika kwamba huu ni mkanganyiko. Mimi naona ni dalili ya uhai, kwa kuwa kila neno lina msimamo wake. "Bandia" humwonya msikilizaji kwamba kitu hiki si halisi. "Unde" humkumbusha kwamba kimeundwa na mtu, na kwa hiyo yupo wa kuulizwa. Anayechagua neno amekwisha kuanza kutoa maoni. Ndiyo sababu nimewaandikieni makala haya kwa maneno kama niuroni, chipu, kihisi na uwekevu: muyatie mfukoni, siku ya kujadili msije mkanyamaza kwa kukosa la kusema.

Wahenga walisema pia kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Aliyekifinyanga Kichwa cha Luzira alikisokota nywele kwa mtindo wake mwenyewe, na kwa mtindo huo kinatambulikana hata leo kikiwa London. Nasi tudai kwamba vichwa hivi vipya, vikiwa vitaundwa kwa madini ya eneo letu na kufundishwa kwa sauti zetu, viwe na nywele zetu pia: vijana wetu wawemo miongoni mwa wanaovibuni, sheria zetu ziheshimiwe vinapotutazama, na lugha zetu zifahamike vinapotusikiliza.

Ninachowadai

Maoni yangu nimeyatoa, na nayatoa kwa ufupi mara ya mwisho: nchi za Afrika Mashariki zisiishie kuuza mawe na kununua mashine. Kila makubaliano ya madini yanayotiwa sahihi kwa jina letu yaseme waziwazi ni vijana wangapi watafundishwa, wapi, na kwa kazi gani. Makubaliano yasiyosema hayo raia wayahoji bungeni, redioni na shuleni.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba masharti kama hayo yatawafukuza wanunuzi, wakaenda kununua kwingine, na kijiji kilichokuwa kikipata kidogo kikakosa hata hicho kidogo. Hoja hiyo si ya kijinga, na ningependa kusikia mmoja wenu akiitetea vizuri.

Basi mdahalo wa juma lijalo utakuwa na mada hii: "Afrika Mashariki iwauzie madini wale tu watakaowafundisha vijana wake kuunda chipu." Kila mmoja aandike aya mbili, moja ya kuunga mkono na moja ya kupinga, kabla ya kujua atapangwa upande upi. Tumieni angalau maneno matano kati ya mliyoyapata humu. Wasomaji mlioko mbali, nanyi andikeni. Aya zitakazojengwa vizuri nitazisoma darasani.

Na umeme ukikatika tena, tutafungua madirisha.